Tulivyompokea Mbwa Aliyetelekezwa, na Yaliyotupata

(Maelezo yaliyotolewa na wafanyakazi wa kituo cha ufundi mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, katika mkutano wa robo mwaka)



Tumepewa nafasi hii tueleze habari ya mbwa wetu. Tunajua kwamba habari hiyo imekwisha kuwafikia kwa njia mbalimbali, na kila ilipopita imeongezwa chumvi. Wapo waliosikia kwamba tunafuga mbwa anayekula fedha za wanafunzi. Wapo waliosikia kwamba mtoto wa watu amekufa. Hakuna aliyekufa. Lakini mwanafunzi mmoja aliumwa, na aliumwa kwa kosa letu. Kwa hiyo tumeona ni haki mlisikie jambo hili kutoka vinywani mwetu, tangu mwanzo.

Mbwa huyu hatukumnunua wala hatukumwomba kwa mtu. Mpangaji wa nyumba moja jirani na kituo alihama, na uani, chini ya mwembe, akaacha mbwa amefungwa mnyororo. Majirani walikuwa wakimrushia makombo juu ya ukuta. Mlinzi wetu alipotuletea taarifa, mnyama yule alikuwa amekaa hivyo karibu wiki tatu, na waya uliokuwa shingoni mwake ulikuwa umekata ngozi hata ukaanza kufunikwa na nyama. Daktari wa mifugo alikuja, akamchoma sindano ya usingizi, akaukata waya, akasafisha kidonda, akampa dawa ya minyoo na ya kupe, akamchanja chanjo ya kichaa cha mbwa. Kisha akanawa mikono, akauliza: "Haya, anakwenda kwa nani?"

Tukatazamana. Tukasema, kwetu. Ndugu zetu, huwa tunachukua muda mrefu zaidi kuchagua rangi ya uzi wa sare kuliko tuliouchukua siku ile. Hatukuuliza kamati. Hatukumuuliza matroni, mwenye wasichana zaidi ya sitini bwenini. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeibiwa saruji, na mioyoni mwetu tulijiambia kwamba mbwa amepata makao na kituo kimepata ulinzi, vyote viwili kwa gharama ya ugali.

Wanafunzi walimwita Pole, kwa sababu kila aliyepita karibu naye alimwambia hivyo.

Tulitegemea mbwa mwenye shukrani. Tuliyempata alikaa siku nne chini ya tangi la maji, hataki kutoka, anajisaidia palepale. Akiletewa chakula alisubiri mtu aondoke, kisha alikula kwa pupa, na mtu akipita hata hatua kumi kutoka pale alinguruma bila kuinua kichwa. Fagio lilimtia wazimu. Wanafunzi wetu hufagia uwanja alfajiri kwa mafagio ya chelewa, na kila msichana alipoinama na kuinua mkono, Pole alijibana ukutani, akafyata mkia, akaonyesha meno. Hakupenda pia wanaume waliovaa buti za mpira, wala pikipiki, wala kengele ya chakula. Usiku alibweka tangu saa nne hadi majogoo. Usiku mmoja tu alinyamaza kabisa, na asubuhi tukakuta kuku wawili wameibwa.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alisema tumfungie gizani mchana kutwa ili awe mkali kwa faida. Mwingine alisema tumchanganyie pilipili kwenye chakula. Wengi walisema achapwe tu, atazoea. Ya giza na pilipili hatukuyafuata. Fimbo tuliijaribu. Mmoja wetu alimchapa kila aliponguruma, na tunasema "sisi" kwa sababu wote tulikuwepo na hakuna aliyemzuia. Baada ya siku chache Pole akaacha kunguruma. Tukafurahi. Tuliambiana kwamba sasa amepata adabu.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, mabeseni yalipungua jikoni. Msichana wa zamu akakumbuka beseni la mbwa, akaenda kulichukua ili alioshe. Ndani kulikuwa bado na chakula kidogo. Pole hakunguruma. Hakubweka. Alimrukia akamuuma mkono, chini kidogo ya kiwiko, mara mbili.

Hapa tunaomba mtuvumilie tueleze kwa kirefu, kwa maana jambo hili linaweza kutokea katika nyumba yoyote. Mtu mmoja alikuja mbio na mafuta ya taa, mwingine na majivu. Mpishi wetu, ambaye alikuwa amehudhuria semina ya afya, aliwafukuza wote wawili, akamshika binti, akamweka bombani. Walikiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa saa ya ukutani, binti analia. Dakika 15 ni ndefu sana mtu akiwa analia. Lakini ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, kwa sababu virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwanza pale kwenye jeraha, na sabuni huviharibu.

Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo. Tukaendelea hadi hospitali, kilometa nyingi, na huko akaanzishiwa sindano siku hiyohiyo. Tuliwaonyesha kadi ya mbwa kwamba alichanjwa wiki tano kabla. Mganga alitujibu kwa upole kwamba kadi haitoshi. Mbwa ambaye maisha yake ya nyuma hayajulikani anaweza kuwa aliambukizwa kabla ya kuchanjwa, na ugonjwa huu hukaa mwilini wiki nyingi, pengine miezi, bila dalili. Dalili zikisha kuonekana kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Basi binti achomwe sindano zote kwa ratiba, na mbwa afungiwe aangaliwe siku 10. Mbwa aliyekuwa na virusi mateni siku alipouma huugua au kufa ndani ya siku hizo. Pole hakuugua. Sisi tulikonda.

Baba wa binti alifika siku ya tatu. Hakupiga kelele, na tungependelea apige. Alikaa, akapokea chai, hakuinywa. Akasema, "Walimu, nina swali moja. Mlijua?"

Tulimjibu kwamba hatukujua kuwa angeuma. Akauliza tena, taratibu: "Mlijua ana tabia gani?" Hapo hatukuwa na jibu, kwa sababu tulijua. Tulijua kwamba anaogopa, tulijua kwamba hataki mtu akaribie chakula chake, na hatukuwa tumewaambia wanafunzi hata sentensi moja. Hapakuwa na uzio, hapakuwa na mtu mmoja aliyekabidhiwa mbwa. Tulimwomba radhi, na leo tunamwomba radhi tena mbele yenu.

Kamati ya uendeshaji iliitwa haraka. Wajumbe wengi walitaka mbwa auawe jioni ileile. Hatuwalaumu. Daktari wa mifugo aliombwa afike aseme lake, na maneno yake ndiyo yaliyotugeuza.

Alituuliza kama Pole aliwahi kunguruma. Tukasema, zamani, mpaka tulipomrekebisha. Akatikisa kichwa. Alisema mbwa anayenguruma anaomba nafasi, anasema, "Nimeogopa, sogea." Mkimchapa kwa kusema hivyo, hofu haiondoki, inayoondoka ni ile sauti. Mnabaki na mbwa mwenye hofu ileile, na sasa ya fimbo imeongezeka, asiyetoa tena onyo. Akatuonyesha mambo ambayo tulikuwa tukiyaona kila siku bila kuyasoma: mbwa kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga mwayo wakati hana usingizi, kugeuza uso pembeni, weupe wa jicho kuonekana, mwili kukakamaa ghafla. Mtoto huona mbwa ametulia, kumbe amekakamaa.

Alieleza pia kwamba mtoto wa mbwa hujifunza kuuzoea ulimwengu katika muda mfupi sana, kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 hivi. Watafiti Scott na Fuller wa Marekani waliliandika jambo hilo katika kitabu chao cha mwaka 1965, na wafugaji wengi wamelithibitisha tangu hapo. Anayepita wiki hizo kwenye mnyororo, haoni watu wala watoto wala mafagio, huja kuviogopa ukubwani. Anaweza kusaidiwa. Hawezi kurudishiwa zile wiki.

Tulimuuliza kama kumhasi kungemtuliza. Alisema ahasiwe, ndiyo, ili asizalishe mbwa wengine wasio na kwao, lakini tusitegemee kisu kiondoe hofu.

Kura zilipigwa. Pole aliponea kwa tofauti ya kura mbili, na kwa masharti. Lijengwe banda pana la wavu wa chuma lenye milango miwili, kwamba wa kwanza ufungwe kabla wa pili haujafunguliwa. Awepo mtu mmoja wa kumtunza, naye awe mlinzi, aliyekubali mwenyewe. Wanafunzi wasiingie kamwe. Shilingi ya mfadhili isimguse. Akiuma tena, daktari amchome sindano ya kummaliza bila mateso, na pasiwe na mjadala wa pili. Tulitia sahihi.

Kuhusu fedha, kwa kuwa ndugu wafadhili wametuandikia: wavu ulitoka kwenye mabaki ya banda la kuku la zamani, na uchomeleaji ulifanywa na fundi wetu siku yake ya mapumziko. Chakula na chanjo tunachangia sisi wafanyakazi, shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwezi. Gharama za hospitali za binti tulilipa kwa kukatwa mishahara. Daftari liko hapa mezani, lifungueni.

Sasa kazi yenyewe. Mlinzi wetu ni mzee asiyependa maneno mengi, na tunadhani hiyo ndiyo iliyokuwa dawa kubwa. Kwa wiki mbili za kwanza hakufanya chochote ila kukaa kwenye kigoda nje ya wavu, ubavu ukimwelekea mbwa, akimenya mahindi. Hakumtazama machoni. Hakumwita. Alipoondoka alidondosha dagaa wawili watatu. Baada ya hapo alianza habari ya beseni. Badala ya kulisogelea akalichukua, alipita mbali na kurusha kipande cha utumbo wa kuku ndani yake, akaendelea na safari yake. Kesho yake tena, hatua moja karibu zaidi. Mbwa alipokakamaa, mzee alirudi hatua mbili. Ikafika siku Pole alipomwona anakuja, akauacha ugali na kuinua kichwa akitazama mkono wake, mkia unatikisika kidogo. Mtu anayekuja kwenye chakula alikuwa ameacha kuwa mnyang'anyi.

Fagio lilifuata njia hiyohiyo, ila lilichukua muda mrefu zaidi. Kwanza liliwekwa chini, mbali, hatua kama thelathini, na Pole akapewa dagaa lilipoonekana, na dagaa wakaisha lilipoondolewa. Kisha likasogezwa. Kisha mtu akalishika bila kulitikisa. Kisha akafagia kidogo. Kazi hii ilitumia miezi mitano, na kuna siku tulirudi mwanzo kwa sababu fundi mmoja alipita na reki begani.

Mjumbe mmoja, ambaye yupo hapa na ameturuhusu tulitaje jambo hili, alituambia, "Mnamhonga mbwa." Tukacheka, lakini ni swali zuri. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya anapofanya sawa husikia mlio mdogo na kupewa kipande cha chakula. Hakuna anayemchapa panya mpaka ajue bomu liko wapi. Panya mmoja aliyezaliwa huko, Magawa, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa medali ya dhahabu. Mnyama hufanya tena lile lililomletea faida. Sisi wenyewe tunapokea mishahara na hatuiti hongo.

Msidhani kwamba safari ilinyooka. Mkesha wa mwaka mpya zilipigwa fataki mjini, na Pole alichimba chini ya wavu akatoweka. Tulimtafuta siku mbili kwa hofu kubwa, tukitangaza shule hadi shule kwamba watoto wasimsogelee. Mzee ndiye aliyempata. Alikuwa uani kwa ile nyumba ya zamani, amelala chini ya mwembe uleule, mahali pale alipokuwa amefungwa. Hatujui la kusema juu ya hilo. Tulimwaga zege chini ya wavu, na kazi ya fagio ikaanza upya.

Leo ana mwaka wa pili nasi. Anakula mlinzi akiwa amesimama kando yake. Usiku hubweka kunapokuwa na sababu, na saruji haijaibiwa, ingawa hatuwezi kuapa kwamba ni kwa ajili yake. Ameanza kunguruma tena, na kila anaponguruma tunamshukuru na kurudi nyuma. Anavumilia mafagio. Pikipiki bado. Watoto hatujamjaribu nao wala hatutamjaribu. Wageni wanaotuomba watoto wao wampapase huambiwa hapana. Yule binti amehitimu ushonaji na ana cherehani yake. Hapendi mbwa hadi leo, na akija kututembelea hupita upande wa pili wa uwanja. Hiyo ni haki yake, na hatumwambii kwamba Pole amebadilika.

Parokia mbili zimetuandikia zikiomba tuwatafutie mbwa wa namna hii, kwa kuwa wamesikia tunajua kuwatuliza. Tumewajibu kwa maswali. Je, kuna uzio usiotegemea mtu kukumbuka kufunga mlango? Je, yupo mtu mmoja atakayekuwepo mwaka kesho pia, au ni mlinzi wa kandarasi anayebadilishwa kila baada ya miezi mitatu? Je, shule ya chekechea iko ndani ya uzio huohuo? Parokia moja ilikuwa na chekechea. Tuliwashauri wachukue mtoto wa mbwa wa wiki nane hivi, aliyezaliwa kwenye nyumba yenye watu, au wasifuge kabisa. Kumhurumia mnyama aliyeteswa ni jambo jema, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna aliofanyiwa Pole. Lakini huruma yetu ililipiwa na mkono wa mtoto wa mtu mwingine, na hilo haliandikwi popote kwenye daftari.

Jambo la mwisho ni la chanjo. Duniani kichaa cha mbwa huua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba jambo hili limeonekana kwa macho: mbwa walichanjwa, ugonjwa ukatoweka mwaka 2014, chanjo ikalegea, ukaingia tena mwaka 2016, chanjo ikarudishwa, ukatoweka tena. Kwa sababu hiyo mwaka jana, Septemba 28, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tulimpa afisa mifugo uwanja wetu. Watoto walileta mbwa kwa kamba za katani, kwa vitenge, mmoja kwenye toroli, na foleni ilitoka getini hadi barabarani. Tunaziomba kamati zenu zitangaze mapema safari hii, na kila parokia itoe meza moja na watu wawili wa kuandika kadi. Hatuombi fedha.

Chakula cha mchana kiko tayari ukumbini. Wanaotaka kumwona Pole waonane kwanza na mlinzi, watatu kwa mara moja, na tafadhali msimkazie macho. Mliokuja kwa pikipiki mziache geti la chini.